Sifuri Nukta Saba

Tarehe 4 Februari

Shemeji,

Simu zangu hupokei, kwa hiyo naandika. Tena naandika kwa anwani ya ofisini kwako, si nyumbani, maana dada yangu bado namheshimu hata kama alijichagulia wewe.

Jana nimepata barua ya kamati ya mpira wa kikapu. Adhabu yangu ya miaka miwili imekwisha, na fainali ya wanawake ya tarehe 26 Aprili mtunza saa ni mimi. Nikapandisha macho mstari mmoja juu. Mwamuzi mkuu: wewe. Nilicheka peke yangu hapa ofisini mpaka mwalimu wa zamu akachungulia kuuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama sana.

Sasa, kwa kuwa wewe husahau kwa kupenda, ngoja nikukumbushe. Fainali ya wanaume ya mwaka juzi, Reli na Walimu. Nusu saa kabla ya mchezo nilikushika kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo, nikakwambia swichi ya kuanzisha saa inakwama. Nikakwambia pia ile saa ndogo ya kiganjani ya akiba betri yake ilikufa tangu robo fainali. Ukasema, "Televisheni wanasubiri, kamishna wa mchezo keshakaa. We bonyeza kwa nguvu tu."

Zikabaki sekunde nne, Walimu wanaongoza kwa pointi moja. Reli wakaingiza mpira, mchezaji akaugusa, wewe ukakata hewa kwa mkono kuashiria saa ianze, mimi nikabonyeza kwa nguvu kama ulivyoagiza. Saa ikakaa palepale kwenye nne. Ilipokuja kuamka, yule kijana wa Reli alikuwa keshavuka nusu ya uwanja. Akafunga, king'ora kikalia. Walimu wakaja juu wakipiga meza kwa ngumi. Ukaja, ukanitazama machoni, ukageuka, ukakubali kikapu.

Halafu ukaandika ripoti. Naijua kwa moyo: "Mtunza saa hakuwa makini, alikuwa akizungumza." Nilikuwa nazungumza na nani, shemeji? Na swichi?

Wiki iliyofuata, jikoni kwenu, mimi nasuuza vikombe, wewe unafuta, ukaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi kichwani nilihesabu sita." Sita! Mwamuzi aliyehesabu kwa uhakika anaruhusiwa kurekebisha saa kwa hesabu yake. Kanuni hiyo ulinifundisha wewe mwenyewe, mezani pale pale. Kwa hiyo ulijua kikapu kimeingia muda umekwisha. Uliuogopa ukumbi, ukaogopa kuonekana mwamuzi aliyeanza fainali na saa mbovu, ukanitupa mimi.

Nataka kitu kimoja. Andika ripoti mpya, ukurasa mmoja, useme swichi ilikuwa mbovu na nilikuambia. Uipeleke kamati kabla ya tarehe 26 Aprili.

Msalimie dada. Usimwambie nimeandika nini; mwambie nimewasalimu.

Shemeji yako,
Mtunza Saa


Tarehe 15 Februari

Shemeji yangu mpendwa,

Barua yako nimeikuta mezani nikitoka kusoma mita za maji mtaa wa viwandani, viatu vimelowa, tumbo tupu. Nimeisoma mara mbili. Kwanza nikupongeze kwa kurudi. Nilifurahi nilipoona jina lako kwenye orodha, amini usiamini.

Sasa tuongee kama watu wazima. Yale ya fainali ile yaliumiza wengi, si wewe peke yako. Lakini kamati ilishakaa, ikaamua, faili likafungwa. Kulifungua leo ni kujitafutia balaa sote wawili. Kuhusu swichi, pale koridoni tulikuwa wawili tu. Kuhusu hayo unayodai niliyasema jikoni, mtu anaweza kusema lolote mikono imejaa sabuni. Huo si ushahidi.

Nikufungulie moyo. Hiyo tarehe 26 Aprili atakuwepo mtathmini wa kunipima kwa ajili ya beji ya kimataifa. Umri wa mwisho wa kuipata ni huu niliofikia. Nisipopita mwaka huu, basi tena. Miaka kumi na tisa nimepuliza filimbi kwenye viwanja vya vumbi nikiingojea siku hiyo. Wewe ni ndugu yangu, najua hutapenda kuniona naanguka mlangoni.

Tukae kimya, tufanye kazi yetu vizuri siku ile, na mimi nitakuwa wa kwanza kukupendekeza kwa michezo mikubwa. Dada yako anakusalimu. Anauliza mbona siku hizi huji.

Mume wa dada yako


Tarehe 23 Februari

Shemeji,

Umeniita ndugu. Nilipofika kwenye neno hilo nilisimama, nikafungua dirisha, nikavuta hewa.

Unajua miaka miwili hii nimeishije? Mimi ni mhazili wa shule. Kazi yangu ni kupiga chapa barua za mkuu na kugonga kengele. Tangu ripoti yako itoke gazetini, kila nikigonga kengele kuna darasa litapaza sauti, "Mama Kwama, una uhakika?" Kituoni, watu wazima, wanaume wenye ndevu zao, wananiuliza, "Samahani mama, saa ngapi?" Nikitazama mkono ili nijibu, wanaangua kicheko. Muuza magazeti alinifanyia hivyo siku arobaini mfululizo. Nilizihesabu, maana mimi huhesabu. Siku ya arobaini na moja nikaacha kuvaa saa.

Baba yetu, ambaye dada yangu huyo unayelala naye anamjua vizuri, alifariki akiamini kuwa binti yake alipokonywa kazi kwa kupiga soga. Sikuweza kumweleza. Ningemweleza, angekuchukia wewe, na dada angebaki katikati. Nikameza. Nilimlinda mkeo kwa jina langu, shemeji, nawe unaniambia faili limefungwa.

Haya, tufanye unavyotaka. Nakaa kimya. Lakini nisikilize. Nimeuliza: meza ni ileile na swichi ni ileile, wameibandika utepe mweusi tu. Itakwama. Safari hii nimejinunulia saa yangu ya kiganjani, mpya, nitaibonyeza sambamba na ile ya ubao. Kwa hiyo ukumbi mzima atakayejua muda wa kweli nitakuwa mimi. Utakuja mezani na filimbi yako shingoni, mtathmini anakutazama, utainama na kuniuliza, "Zimebaki ngapi?"

Nitakutajia namba. Nitakutajia kwa adabu, bila sauti kutetemeka. Na itakuwa ya uongo.

Kama hutaki hayo, unajua pa kuandika.

Mtunza Saa


Tarehe 6 Machi

Shemeji,

Umevuka mpaka. Hiki ulichoandika ni kitisho kwa mwamuzi, na ni kosa la kukufungia maisha. Nimekuvumilia kwa sababu ya mke wangu. Jumatatu naandika kamati wakuondoe mezani. Ulipenda karatasi, karatasi hizo zitakuhukumu.

Mwamuzi


Tarehe 12 Machi

Shemeji Mwamuzi,

Hongera kwa cheo. Naona undugu umeishiwa wino.

Waandikie, tafadhali. Na watakapokuuliza kwa nini unataka niondolewe, utawaonyesha barua zangu, si ndiyo? Ile ya pili ina kitisho, sawa. Lakini hawataielewa bila ya kwanza. Na ya kwanza ina korido, ina swichi, ina vikombe, ina sita. Soma tena uone. Kila nilipokutisha nimepashonea na ulichofanya, huwezi kuchana kimoja kikabaki kingine.

Mita za watu unazisoma vizuri, wala hakuna anayelalamika. Isome na hii.

Tena kuna jambo dogo. Mtathmini akisikia kwamba mwamuzi anayetaka beji ya kimataifa anamwogopa mhazili wa shule, sijui ataandika nini kwenye ile fomu yake yenye visanduku. Ningependa sana kukiona hicho kisanduku.

Jumatatu ilipita. Sijaondolewa. Nilijua.

Mtunza Saa


Tarehe 2 Aprili

Shemeji,

Umenishika pabaya na unajua. Sikuandika kamati. Nilikaa na kalamu asubuhi nzima, nikawa naanza sentensi naikata.

Naomba niseme ukweli mmoja, labda utakutosha. Siku ile nilikuja mezani nikiwa na ile sita kichwani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Halafu nikasikia watu elfu mbili wa Reli wakiimba jina langu la utani, na kamishna akanishika bega akasema, "Maliza tuondoke hapa salama." Nikamaliza. Ripoti niliiandika kesho yake. Nilijiambia miaka miwili si mingi, utarudi, nitakufidia.

Sasa nakuomba. Mchezo wa tarehe 26 uishe salama, mtathmini aondoke, halafu nitaandika ripoti unayoitaka, neno kwa neno, hata uniandikie wewe nisaini tu. Baada ya fainali. Nakuapia kwa watoto wangu, ambao ni watoto wako.

Siku hizi nikipuliza michezo ya mazoezi najikuta natazama meza badala ya mpira. Dada yako ananiuliza naumwa nini.

Shemeji yako


Tarehe 9 Aprili

Shemeji,

Baada haipo. Nilisema kabla.

Tutaonana mezani. Njoo na masikio yako yote mawili, uongo wangu usikupite.

Mtunza Saa


Tarehe 29 Aprili

Shemeji,

Ulikuwa unasema kweli.

Kamati imekaa siku mbili na mkanda wa video. Wamepima toka mpira ulipoguswa mpaka filimbi yangu: sekunde nne nukta tatu. Zilikuwa zimebaki tano. Toa, inabaki sifuri nukta saba. Ndiyo namba uliyonitajia.

Sina wa kumweleza hili ila wewe, ambaye ndiye wa mwisho niliyepaswa kumweleza. Walipoingiza mpira wale wasichana wa jezi za njano, wako nyuma kwa pointi moja, mimi nilikata hewa kwa mkono, kisha sikuhesabu. Mwamuzi wa miaka kumi na tisa, nikasahau kuhesabu! Nilikuwa nautazama mkono wako. Nilitaka kuona kama umebonyeza. Nikaona umebonyeza, nikaona ubao umeganda kwenye tano, nikasema moyoni, ameanza. Mpira ukatoka nje nikapuliza. Ubao ulikuwa umeamka umechelewa, unaonyesha nne nukta moja. Nilijua ulikwama. Sikujua kwa muda gani.

Kamishna amesimama anabishana na kocha wa jezi za bluu, hakuona kitu. Nikainama kwako. Ukatabasamu. Ukasema, "Sifuri nukta saba, shemeji." Mezani, mbele ya mtathmini, ukaniita shemeji, badala ya mwamuzi. Nikasema hapa ndipo. Huu ndio ule uongo alioniahidi. Nikajiuliza tu unataka kuwaangamiza njano kwa faida ya nani, na sikupata jibu, lakini sikujali jibu. Bila uhakika, kanuni inasema muda wa ubao ubaki. Nikauacha ubao. Njano wakapewa mpira na nne nukta moja, msichana wao akadunda mara tatu, akafunga, bluu wakalia pale pale sakafuni.

Mtathmini ameandika kwamba nilipewa taarifa sahihi na meza nikaikataa bila sababu. Aliniuliza sababu. Nilikuwa nayo kwenye bahasha nne, ofisini, ndani ya droo, na sikuweza kuitaja.

Beji imekwenda. Niambie jambo moja tu. Kwa nini ulisema kweli?

Shemeji yako


Tarehe 3 Mei

Shemeji,

Nimengoja miaka miwili mtu aniulize swali hilo, kwa hiyo usinikatishe.

Nilipokuandikia mwanzo nilikusudia kudanganya, wallahi. Nilikuwa hata nimeichagua namba. Halafu siku moja nagonga kengele ya mapumziko, nikafikiri: nikidanganya mezani, basi ripoti yako itakuwa kweli. Nitakuwa yule mtunza saa uliyemwandika. Nikakataa. Miaka kumi na moja mezani sijataja namba ya uongo, na wewe si mtu wa kunifanya nianze.

Lakini kitisho sikukifuta. Nikakiacha kikae kwako, kikue. Nikaja nikakipalilia, barua ya Machi, barua ya Aprili, kila moja fupi kuliko iliyopita maana nilijua zitakuchoma zaidi. Sikupanga swichi ikwame. Hiyo ilikwama yenyewe. Asubuhi ya mchezo nilimwandikia kamishna kwamba ni mbovu, na nakala ninayo, safari hii sikutegemea maneno ya koridoni. Nilichopanga ni kimoja tu: ikikwama, usiniamini.

Nawe hukuniamini! Ulisimama pale jasho linakutoka puani, namba ya kweli imo masikioni mwako, nikaona unavyoitazama kama chakula kilichotiwa sumu. Nilitabasamu, ndiyo. Ulikuwa muda mtamu kuliko wote niliowahi kuupima.

Baada ya mchezo kamishna aliniomba saa yangu ya kiganjani. Nikamkabidhi. Ilikuwa imesimama palepale, nne nukta tatu. Akaitazama, akanitazama, akanirudishia, akasema, "Sasa huyu bwana alikuwa na wazimu gani?" Nikainua mabega. Kwa nini hukuiona wewe? Hukuniomba. Neno "nionyeshe" lina uzito gani? Mwamuzi anayemwamini mtunza saa wake huuliza, na asiyemwamini hudai kuona. Wewe hukufanya lolote, uligeuka tu, kama ulivyogeuka mara ya kwanza.

Leo asubuhi kituoni hakuna aliyeniuliza saa ngapi. Muuza magazeti kanipa gazeti bila kuniangalia usoni. Nimevaa tena saa yangu ya mkono.

Ulinifanya kichekesho kwa uongo. Mimi nimekumaliza kwa kweli. Sasa futa vikombe.

Mtunza Saa


Tarehe 20 Mei

Shemeji,

Ndani ya bahasha hii kuna vitu viwili.

Cha kwanza ni nakala ya ripoti niliyoipeleka kamati juzi. Nimeandika kuhusu fainali ile ya wanaume. Nimeandika kuhusu swichi, betri na korido, na kwamba uliniambia mapema. Nimeandika kwamba nilihesabu sita nikanyamaza. Nimesaini kila ukurasa. Kamati wamesema watakusafisha kwa barua na kwa gazeti lilelile. Filimbi yangu wameichukua, sikuwabishia.

Cha pili ni barua zako, zote tano. Waliniuliza kwa nini nilikataa taarifa ya meza siku ya wasichana. Wakasema kama kuna mawasiliano yoyote kati yangu na mtunza saa niyaambatanishe, yanaweza kunipunguzia adhabu. Nikawaambia hakuna. Nikasema nilichanganyikiwa. Huo ndio uongo wangu wa mwisho kwenye mchezo huu, na nimeutumia kwa ajili yako. Zichome, zitunze, ni zako.

Wasichana wa bluu walikata rufaa. Imekataliwa, uamuzi wa mwamuzi uwanjani haubadilishwi mchezo ukishafungwa na fomu kusainiwa. Kombe limebaki kwa njano. Nimewaandikia bluu kuomba radhi. Nahodha wao amenijibu kwa adabu kuliko nilivyostahili.

Dada yako nimemweleza yangu yote. Yako sikumweleza. Kwake wewe ni yule aliyesema kweli, na ndivyo ilivyo.

Naomba usiniandikie tena.

Mume wa dada yako


Tarehe 14 Juni

Shemeji,

Najua ulisema nisiandike.

Kwanza nilikasirika, na sitakuficha. Nilipozikuta barua zangu kwenye ile bahasha nilizitupa ukutani. Nani alikuomba unihurumie? Nilikuwa nimejiandaa kwa mengine. Nilijua utaziambatanisha, nilishatunga hata maneno ya kujitetea mbele ya kamati, makali, ungeyapenda. Ukaninyima hata hilo. Nilikuandikia matusi ya kurasa tatu, nikayachana. Nikasema basi, kila mtu na lake, nimeshinda, nikae kimya.

Barua ya kamati imekuja. Gazeti limeandika. Darasa la mwisho waliniimbia wimbo kengelini, wa kunisifu safari hii. Niliupokea wote. Ulikuwa haki yangu.

Jana mchana amekuja mgeni ofisini. Msichana mrefu, ameinama mlangoni asigonge kichwa, jezi ya bluu imekunjwa kwapani. Nahodha wao. Kapanda mabasi mawili kuja. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Kasema, "Mama, nimekuja kukushukuru. Siku ile pale mezani ni wewe peke yako uliyesema kweli. Wenzangu wamenituma." Akanipa jezi. Wameisaini wote kumi na wawili kwa kalamu nene, na katikati wameandika 0.7.

Kwa wanne kati yao ilikuwa fainali ya mwisho, shemeji. Wanaolewa, wanahamia kazini, mmoja goti limeshakataa. Aliniambia bila kulalamika, kama mtu anayesoma ratiba.

Kisha akaomba kitu. Kasema, "Naomba niione hiyo saa." Nikaitoa kwenye droo nikampa. Akaigeuza, akaisoma, akatabasamu. Bado sijaifuta, inasoma nne nukta tatu mpaka leo.

Hapo ndipo nilipojisikia vibaya. Maana nilikudanganya, mara moja, kwenye barua yangu ya tarehe tatu. Nilisema hukuniomba uione. Kweli hukuniomba. Lakini uliitazama. Macho yako yalishuka kwenye mkono wangu, nami nikakifunga kiganja. Nilikifunga, shemeji. Ningekigeuza tu juu ungeisoma mwenyewe, ungewapa njano sifuri nukta saba, bluu wangechukua kombe lao, na wewe beji yako. Nilijua yote hayo wakati nakifunga. Nilikuwa nakutazama wewe tu. Hao wasichana sikuwaona kabisa.

Alipoondoka nilijaribu. Nilikaa na ile saa, nikafunga kiganja, nikakigeuza juu, nikakifungua. Nikarudia mara nyingi. Haichukui hata nusu sekunde.

Jezi iko hapa mezani. Siwezi kuivaa, siwezi kuirudisha, na kila anayeingia anaisoma na kunipa mkono. Dada kapiga simu anasema anajivunia. Sina wa kumwambia ila wewe, na wewe umenikataza.

Nijibu. Hata kwa matusi, nijibu.

Shemeji yako